Usiku Mtakatifu kwa Tarumbeta: Nyimbo za Krismasi Nizipendazo na Jinsi Jazi Ilivyozipokea

Hotuba hii niliitoa Iringa mjini, Jumamosi ya kwanza ya Majilio, mbele ya wanakwaya na wapiga tarumbeta wa madhehebu mbalimbali waliokutana kujiandaa kwa mkesha wa Krismasi. Ninaiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao mvua ya siku ile iliwazuia kufika. Muziki tuliousikiliza kwenye spika haumo, ila nimeacha majina ili anayetaka akautafute.

Mheshimiwa mwenyekiti, wachungaji na mapadre mliopo, walimu wa kwaya, wapiga tarumbeta, baba zangu na mama zangu, na ninyi vijana mliojibanza huko nyuma karibu na mlango: Kamwene!

Asanteni. Mmeitikia kwa sauti nne bila kupangwa na mtu, na hapo nimejua kwamba niko nyumbani.

Nimeombwa nizungumze juu ya nyimbo za Krismasi ninazozipenda. Ombi lilikuwa jepesi mpaka mwenyekiti alipoongeza neno moja: jazi. Hakuliongeza bure. Wengi wenu mnajua kilichotokea mwaka jana katika usharika mmoja ambao sitautaja, vijana walipopiga Usiku Mtakatifu kwa mapigo ya jazi katikati ya ibada ya mkesha, na mzee mmoja wa kanisa akasimama taratibu, akachukua kofia yake, akatoka nje kwenye mvua. Vijana waliumia. Mzee naye aliumia. Na mpaka leo wapo watu wa usharika ule wanaosalimiana kwa nusu mdomo kwa sababu ya wimbo wa amani.

Je, jazi iliuharibu wimbo ule? Hilo ndilo swali lililonileta hapa. Jibu langu ni kwamba jazi ilizipokea nyimbo za Krismasi kama sisi wenyewe tulivyozipokea, kutoka mikononi mwa watu wengine, na kila aliyezipokea aliziongezea pumzi yake. Lakini kuna sharti. Nitalisema bila kuficha, kwa kuwa nililivunja mwenyewe nikiwa na umri wa miaka 14, mbele ya kanisa zima.

Kabla ya hapo, tuliondolee neno lenyewe vumbi. Mzee wa rika langu akisikia neno jazi, anasikia nini? Hasikii Marekani. Anasikia Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe; anasikia Western Jazz, Kilwa Jazz, Nuta Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964; anasikia ukumbi wa dansi, chupa mezani, na watu wanaorudi nyumbani alfajiri wameshika viatu mkononi. Bendi zile zilikuwa tamu, na mimi nimezicheza, Mungu ni shahidi. Lakini sehemu kubwa ya muziki wake ilikuwa rumba na mitindo yetu wenyewe. Neno Jazz lilikaa kwenye jina kama tai inavyokaa shingoni, kwa heshima ya mwenye nayo. Kwa hiyo mzee aliyeambiwa kwamba vijana watapiga jazi kanisani alikwisha kuona chupa kabla hajasikia noti.

Jazi ninayoizungumzia leo ni muziki wa Wamarekani weusi, uliokua katika mji wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Na sasa, wapiga tarumbeta, nisikilizeni vizuri: ulikua mikononi mwa watu kama ninyi. Ulikua kwenye bendi za tarumbeta zilizosindikiza maiti makaburini zikipiga tenzi za kanisani polepole, na zikiisha kuzika zikarudi mjini zikipiga kwa mwendo wa kuchangamka. Louis Armstrong mwenyewe, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, alifundishwa koneti, ile tarumbeta fupi, katika nyumba ya kurekebishia watoto watukutu, alikopelekwa mwaka 1913 baada ya kufyatua bastola barabarani usiku wa mwaka mpya. Tarumbeta zetu sisi tumezirithi kutoka desturi ya wamisionari wa Kijerumani, wale waliofika Rungwe mwaka 1891. Chombo ni kile kile. Tenzi, mara nyingi, ni zile zile. Tarumbeta ya Rungwe na tarumbeta ya New Orleans ni binamu waliolelewa mbali, na binamu wakikutana hawaulizani kwanza nani ana haki ya kuingia sebuleni.

Sasa nianze na huo wimbo uliomtoa mzee nje.

Usiku Mtakatifu ulitoka wapi? Maneno yake yaliandikwa mwaka 1816 na padre kijana wa Austria, Joseph Mohr. Miaka miwili baadaye alikuwa akihudumu Oberndorf, kijiji kilicho kando ya mto karibu na Salzburg, na siku ya mkesha wa Krismasi mwaka 1818 alimpelekea shairi lake Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule na mpiga kinanda, akamwomba alitungie tuni ya sauti mbili, kwaya, na gitaa. Gitaa, ndugu zangu! Usiku ule ule wakauimba, Mohr akiimba sauti ya juu huku akipiga gitaa, Gruber akiimba besi. Hadithi inayosimuliwa kila mwaka, kwamba panya walitafuna viriba vya kinanda, ni tamu lakini hakuna ushahidi wake, kwa hiyo tuwaachie panya heshima yao. Kilicho hakika ni gitaa. Wimbo tunaoulinda leo usiguswe na gitaa la umeme ulizaliwa mapajani mwa mtu aliyeshika gitaa.

Na haukukaa nyumbani. Familia za waimbaji kutoka milima ya Tyrol ziliubeba kutoka mji hadi mji, wakaubadilisha noti hapa na pale, ukasambaa mpaka watu wakasahau ulikotoka. Wengine walidhani ni kazi ya mtunzi mkubwa aliyekwisha kufa. Ilibidi mwaka 1854 waulize kutoka Berlin, na Gruber, ambaye sasa alikuwa mzee, akaandika maelezo kwamba tuni ni yake na maneno ni ya Mohr. Fikirini hali yake. Anausikia wimbo wake ukirudi nyumbani umevaa nguo nyingine, noti si zile zile kabisa, na bado anaujua. Mimi naamini ndivyo wimbo mzuri ulivyo: unaweza kubadilishwa koti, na mama yake akautambua kwa mwendo.

Mwendo huo ndio ninaotaka tuuangalie kwa karibu. Wanakwaya, mnajua unavyoanza: sol, la, sol, mi. Sol, la, sol, mi. Mapigo sita katika kila kipimo, yakigawanyika mara mbili, tatu na tatu, kama mama anayembembeleza mtoto mgongoni, akihama kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Vijana wa mwaka jana waliuchukua wimbo huo wakauweka kwenye mapigo manne yenye swingi. Swingi ni nini? Noti mbili zilizopaswa kugawana pigo sawa kwa sawa, ya kwanza inajimegea sehemu kubwa na ya pili inabakiwa na ndogo, kama kaka na mdogo wake wanapogawana kiazi kimoja cha kuchoma. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Lakini mzee hakuwa ameandaliwa. Alikuja kubembelezwa, na ghafla akahisi amefunguliwa mbeleko na kuwekwa chini atembee. Ningekuwa mimi, huenda nami ningechukua kofia.

Je, hakuna jazi iliyouacha wimbo huu mgongoni mwa mama? Ipo. Sikilizeni kinanda cha Jimmy Smith katika albamu yake ya Krismasi ya mwaka 1964. Wapiga kinanda, huyu ni mwenzenu: alipiga kinanda cha Hammond, kile kilichoingia sokoni mwaka 1935 na kununuliwa sana na makanisa yasiyokuwa na fedha za kununua kinanda kikubwa cha filimbi. Wanajazi walikichukua kutoka kanisani, hawakukileta kanisani.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Nilikulia Mufindi. Mwalimu wangu wa tarumbeta alikuwa na redio ya mawimbi mafupi, na usiku, baada ya mazoezi, alikuwa akituruhusu sisi wawili watatu tubaki kusikiliza kipindi cha jazi cha Sauti ya Amerika, kilichoendeshwa na mtu aitwaye Willis Conover, aliyezungumza Kiingereza polepole sana, kana kwamba alijua kuna mtoto wa Mufindi anayetafuta maneno moja moja gizani. Sauti ilikuwa ikija na kuondoka kama mtu anayeongea kwenye upepo. Humo ndimo nilimsikia Armstrong, na nikaamua moyoni kwamba Krismasi ile kanisa letu litamsikia pia, kupitia kwangu.

Wimbo niliouchagua ni ule ambao Waingereza wanauita Joy to the World. Isaac Watts aliandika maneno yake mwaka 1719 akifasiri Zaburi ya 98, wala hakuwa akifikiria Krismasi hasa. Tuni tunayoijua ilipangwa na Lowell Mason wa Marekani mwaka 1839. Hebu tuutazame mwanzo wake. Imbeni nami polepole: do, ti, la, sol, fa, mi, re, do. Ni nini hicho? Ni ngazi. Ni ngazi nzima ya sauti, kutoka juu hadi chini, ile ile mtoto anayofundishwa siku ya kwanza ya mazoezi, bila kuruka kidato hata kimoja. Kinachoifanya ngazi hiyo iwe wimbo ni urefu wa noti tu: hii inavutwa, ile inafupishwa, nyingine inasubiriwa. Ondoa mapigo, unabaki na zoezi la darasani. Rudisha mapigo, kanisa linasimama. Sijui mfano bora kuliko huo wa kumweleza mtu kwa nini wanajazi huyapenda mapigo kuliko kitu kingine chochote.

Mimi wakati ule sikujua lolote kati ya hayo. Tulipofika ubeti wa tatu niliiacha tuni nikaanza kupamba. Nilipanda juu, nikashuka, nikaongeza noti tatu mahali pa moja, nikafumba macho kama nilivyodhani Armstrong alifumba. Nilipofumbua, sikujua nilipo. Ile ngazi ya noti nane, ambayo mtoto wa miaka 6 anaijua, ilikuwa imenipotea kabisa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nabeba sauti ya kwanza, kanisa lote lilipotea pamoja nami: akina mama wa mbele waliimba ubeti wa tatu, wanaume walikuwa wamerudi ubeti wa pili, na watoto wakaacha kuimba wakawa wananiangalia. Nasema hivi nikicheka, lakini wakati ule nilitamani sakafu ifunguke.

Aliyetuokoa ni babu mmoja aliyepiga tuba, tuba kuukuu yenye mbonyeo mkubwa ubavuni kana kwamba ng'ombe aliipiga teke. Babu hakunitazama. Alivuta pumzi, akaacha sehemu yake ya besi, akaipiga tuni yenyewe, nzito, pana, bila pambo hata moja: do, ti, la, sol, fa, mi, re, do. Kanisa likaishika kama mtu aliyeteleza anavyoshika tawi.

Baada ya ibada mwalimu hakunigombeza. Aliniambia, "Aliyechepuka ni yule aliyekuwa njiani kwanza. Wewe ulikuwa porini tangu mwanzo." Akanipa kazi: mwezi mzima wa Januari, kila asubuhi kabla ya shule, nipige ngazi ile ile ya noti nane na nisipige kingine chochote. Nilisimama nyuma ya nyumba kwenye ukungu, nikipuliza kwanza pumzi ya joto ndani ya chombo, maana mnajua ninyi kwamba tarumbeta ikipoa hushuka sauti, na baridi ya Mufindi haikubembelezi. Hiyo ndiyo siku niliyoanza kujifunza jazi.

Na hilo ndilo sharti. Ijue tuni kwanza. Ijue mpaka ukiamshwa saa nane za usiku uipige. Ijue hata mahali pa kuvuta pumzi. Ndipo uondoke, na ukiondoka, msikilizaji aendelee kuisikia pale ulipoiacha.

Mwanajazi mkubwa hujua pia wakati wa kutoondoka kabisa. Ella Fitzgerald, ambaye sijasikia mwimbaji wa jazi aliyecheza na sauti kumshinda, alitoa albamu mbili za Krismasi. Ya mwaka 1960 ni ya nyimbo za kidunia za msimu, na humo anaruka na kucheza kama mtoto aliyepewa viatu vipya. Ya mwaka 1967 ni ya tenzi, na Joy to the World umo. Je, alizichezea? Hakuzichezea. Aliziimba zilivyo, kwa unyenyekevu, akisindikizwa na kwaya. Mwimbaji yule yule, aliyeweza kufanya lolote alilotaka na wimbo wowote, alizitazama tenzi zile akaamua kuziacha zisimame zenyewe. Wazee, hapo mna hoja, na mimi nawapa.

Lakini vijana nao wana hoja, na ya kwao naianzia msituni.

Ninyi nyote mmepita barabara ya Mafinga mkaona paina za Sao Hill, safu kwa safu, zikipotelea kwenye ukungu. Kila Desemba matawi ya miti hiyo na jamaa zake yanaingia makanisani na sebuleni mwetu, yananukia utomvu, na mama wa nyumba analalamika juu ya sindano zinazodondoka kwenye zulia. Wimbo wa mti huo ni wa Kijerumani, O Tannenbaum, tuni ya zamani ya watu wa kawaida, na maneno yanayoimbwa sana yaliwekwa mwaka 1824 na Ernst Anschütz, mwalimu na mpiga kinanda wa Leipzig. Yanausifu mti usiopukutisha majani. Hayamtaji Mtoto Yesu hata mara moja.

Mwaka 1965 mpiga piano wa San Francisco, Vince Guaraldi, aliombwa atengeneze muziki wa filamu fupi ya katuni ya televisheni, A Charlie Brown Christmas. Wakuu wa televisheni walipoiona hawakuridhika. Pamoja na mengine, jazi kwenye kipindi cha watoto cha Krismasi haikuwaingia akilini. Ilionyeshwa tarehe 9 Desemba 1965, na watu wakaipenda kiasi kwamba imeendelea kutazamwa Krismasi baada ya Krismasi. Sikilizeni alivyoupiga O Tannenbaum. Anaanza peke yake, piano tupu, polepole, tuni ikiwa wazi kabisa, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba ya baba yake na kusimama kizingitini kabla ya kuingia. Ndipo besi na ngoma zinapoingia, mguu unaanza kutikisika wenyewe, na piano inaondoka kwenda kutembea. Inapita vichochoroni. Inarudi. Na wakati wote unausikia mti umesimama pale pale. Kijana akiniuliza aanzie wapi kusikiliza jazi ya Krismasi, simtajii kwanza jina jingine.

Yapo mawili zaidi juu ya Guaraldi ambayo yanawahusu watu wa kanisani. Watoto wanaoimba katika muziki ule walitoka kwaya ya kanisa, Mtakatifu Paulo la San Rafael, California, na sauti zao hazikupigwa msasa. Unasikia kabisa kwamba ni watoto. Na mwezi Mei mwaka huo huo, kabla ya filamu, Guaraldi alikuwa amepiga misa ya jazi katika kanisa kuu la Grace, San Francisco. Septemba, katika kanisa lile lile, Duke Ellington, kiongozi wa bendi ya jazi, akafanya tamasha lake la kwanza la muziki mtakatifu, kisha tarehe 26 Desemba, siku moja baada ya Krismasi, akalipiga New York katika kanisa la Wapresbiteri. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba swali letu la Iringa ni la vijana wa leo na simu zao. Lina miaka 60. Na kule nako walikuwepo watu waliochukua kofia zao.

Huyo Ellington ndiye aliyefanya jambo ambalo hunifanya nitabasamu kila ninapolisikia. Mwaka 1960, yeye na mtunzi mwenzake Billy Strayhorn waliuchukua muziki wa Tchaikovsky wa mwaka 1892, ule wa ngoma ya Krismasi ya Kirusi uitwao The Nutcracker, wakaupanga upya kwa bendi ya jazi. Kuna kipande ambacho Tchaikovsky alikiandikia selesta, chombo kidogo chenye sauti ya kengele za kioo, kimtembeze malaika wa peremende kwa ncha za vidole. Ellington na Strayhorn walikikabidhi kwa saksafoni ya tenor, wakakipunguza mwendo, na yule malaika sasa anatembea kama mtu mzima aliyeshiba pilau. Noti ni zile zile! Ila si kitu cha mkesha wa kanisani. Hiki kipigeni mchana, baada ya chakula.

Nyingine nazitaja kwa haraka. Mpiga saksafoni John Coltrane, ambaye babu zake wote wawili walikuwa wachungaji, mwaka 1961 aliipiga tuni ya Greensleeves, ambayo katika karne ya 16 ilikuwa wimbo wa mapenzi na baadaye ikapewa maneno ya Krismasi. Huyo huyo mwaka 1958 alishiriki kurekodi kipande kilichoitwa Tanganyika Strut, miaka mitatu kabla ya uhuru wetu. Tulitajwa, walau kwa jina. Na tuni ya Hark! The Herald Angels Sing, inayopigwa na tarumbeta karibu dunia nzima, Mjerumani Mendelssohn aliitunga mwaka 1840 kwa waimbaji wanaume na vyombo vya shaba, kumsifu Gutenberg, mwanzilishi wa uchapaji Ulaya, na akaona haiwezi kufaa maneno ya dini. Mwaka 1855 Mwingereza mmoja, William Cummings, akaiunganisha na utenzi wa Charles Wesley. Mtunzi alikwisha kufa, hakuulizwa.

Si kila jazi ya Krismasi ni nzuri, jamani. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maduka, saksafoni imewekwa juu kama sukari iliyozidi kwenye chai, na ukimaliza kusikiliza hukumbuki ulikunywa nini. Hizo sizitetei.

Neno kidogo kuhusu theluji. Mmoja wenu aliniuliza pale mlangoni: sisi Krismasi yetu ni mahindi yamefika kiunoni, matope hadi kwenye vifundo na mvua juu ya bati, tuna haja gani na nyimbo za theluji? Nimjibu kwamba baadhi ya nyimbo hizo ziliandikwa na watu waliokuwa wakitokwa jasho. The Christmas Song, ule wimbo wa Nat King Cole, uliandikwa California mwaka 1945 siku ya joto kali, Robert Wells akiorodhesha mambo ya baridi ili ajipoze, na Mel Tormé akautia tuni. Let It Snow uliandikwa Hollywood mwezi Julai mwaka huo huo. Ni nyimbo za hamu, na hamu tunayo hata sisi. Nat King Cole, kwa taarifa yenu, alikuwa mpiga piano wa jazi kabla watu hawajaipenda sauti yake, baba yake alikuwa mchungaji, na aliyemfundisha kinanda ni mama yake, mpiga kinanda wa kanisa. Akina mama wa kinanda mliopo hapa, mnaona mnachokilea?

Namaliza na nilichokiona wiki tatu zilizopita, hapa hapa mjini. Harusi ilikuwa ikitoka Kihesa. Mbele ya msafara kulikuwa na kirikuu, na nyuma yake wamesimama vijana sita wa matarumbeta, mmoja amekalia ukingo, tuba imemkumbatia kama chatu. Walipofika kwenye msongamano wa magari waliishiwa pambio, nadhani, maana kijana wa tarumbeta alianza polepole sol, la, sol, mi. Usiku Mtakatifu, saa tisa mchana, juani, kwenye foleni ya bodaboda! Mara ya kwanza aliupiga ulivyo. Mara ya pili wa ngoma akaingia na mdundo wa harusi, tuba ikaanza kuruka, na yule kijana akaiacha tuni. Nilishika pumzi, maana nilikumbuka Mufindi. Alipanda, akazunguka, akaichezea noti moja ya juu mpaka dereva wa bodaboda akageuka, kisha akatua, taratibu, mahali penyewe hasa. Nilimfuata nikamwuliza amejifunzia wapi jazi. Akanishangaa. "Jazi ipi, mzee? Huu ni wimbo wa kwaya. Tunaupiga tangu shule ya Jumapili."

Sasa tupige. Mzee wetu wa kofia yupo hapa, ameniruhusu nimseme bila kumtaja jina, na kofia naiona iko mapajani. Baba, tumekubaliana hivi: ubeti wa kwanza na wa pili vinapigwa vilivyo, mapigo sita, mbeleko imefungwa vizuri, na kanisa zima linaimba. Wa tatu vijana wataupokea, na mapigo hayabadiliki. Tuba, wewe usiende popote. Akipotea mtu, atarudi kwako. Wa mlangoni sogeeni mbele. Mwalimu, tupe sol.